Ukoo wa Charlton: Kutoka Shimo la Linton Hadi Wembley

Watu wa mpira wakiieleza familia ya Charlton huanzia ujombani. Mama, Cissie, alizaliwa Milburn, na kaka zake wanne, Jack, George, Jim na Stan, wote walicheza soka la kulipwa. Binamu yake, Jackie Milburn, aliifungia Newcastle United mabao 200 ya ligi na Kombe la FA. Basi husemwa kwamba Bobby na Jack Charlton walizaliwa na mpira miguuni, damu ya wajomba imewafuata. Maneno hayo ni kweli, ila ni nusu ya kisa. Nusu iliyobaki ni baba yao, Robert Charlton, mtu aliyependa ndondi kuliko soka, mchimba makaa ya mawe katika mgodi wa Linton, karibu na mji wa Ashington, kaskazini-mashariki mwa England. Mkate wa nyumba ile, moto wake wa jikoni, na hofu iliyowafanya wanawe watafute njia nyingine ya maisha, vyote vilitoka shimoni.

Majina yenyewe ni makongwe kuliko migodi ya Ashington. Charlton na Milburn, pamoja na Robson na Dodd, ndizo zilizohesabiwa koo nne kubwa za bonde la North Tyne, jirani na mpaka wa Scotland. Kwa karne kadhaa watu wa pande zote mbili za mpaka ule waliishi kwa kuporana ng'ombe, kuchomeana nyumba na kulipizana kisasi. Mtoto alijifunza kupanda farasi usiku kabla hajajua kulima. Mwaka 1603 mfalme wa Scotland alipokikalia kiti cha enzi cha England pia, mpaka ukapoteza maana yake ya zamani, na wezi wa mifugo wakaanza kunyongwa kwa wingi. Kubeba jina si hati ya nasaba. Hata hivyo, ukisoma orodha za wafanyakazi wa migodi ya Northumberland wa karne ya 19, majina yaleyale ya mabondeni yamejaa tele, yameshuka kutoka milimani kufuata mshahara.

Mshahara ulikuwa wa makaa. Meli zilikuwa zikiyabeba kutoka Tyne hadi London karne nyingi kabla ya injini ya mvuke, lakini viwanda vilipoanza kuyadai kwa wingi ilibidi mashimo yashuke zaidi, na kila yaliposhuka, maji na gesi vilizidi. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling, upande wa kusini wa mto Tyne, uliua watu 92. Miaka mitatu baadaye watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza taa ambayo mwali wake haukuwasha gesi ya mgodini: Humphry Davy, mwanasayansi mwenye sifa London nzima, na George Stephenson, mtoto wa mchochea moto wa injini ya mgodi, ambaye alikuwa na miaka 18 ndipo akajifunza kusoma. Wachimbaji wengi wa kaskazini-mashariki walishika taa ya Stephenson, kwa kuwa alikuwa mtu wao.

Watoto nao walikuwa shimoni. Hadi 1842 hapakuwa na sheria ya kumzuia mtoto wa miaka sita kukaa gizani kutwa nzima, kamba mkononi, akifungua na kufunga mlango wa kupitisha hewa kila mkokoteni unapopita. Sheria ya mwaka huo iliwatoa chini ya ardhi wanawake wote, wasichana, na wavulana wasiofikisha miaka 10. Thomas Burt, mzaliwa wa Northumberland, aliingia mgodini mwaka 1847 akiwa na miaka hiyohiyo 10. Alijisomea vitabu baada ya zamu, akawa kiongozi wa chama cha wachimbaji, na mwaka 1874 wapiga kura wa Morpeth, jirani na Ashington, wakampeleka Bungeni. Alikuwa mmoja wa wabunge wawili wa kwanza wa tabaka la wafanyakazi nchini Uingereza, na mwenzake pia alikuwa mchimba makaa.

Lakini msiba uliowakaa moyoni watu wa pwani ile ni wa Hartley. Mgodi wa Hester, kijijini New Hartley, ulikuwa na shimo moja tu la kuingilia na kutokea. Asubuhi ya tarehe 16 Januari 1862, wakati zamu zikibadilishana, boriti kubwa ya chuma ya pampu ya maji ilikatika, kipande chake kikaanguka ndani ya shimo kikiburuta mbao na mawe, na njia pekee ikazibwa. Waliokuwa chini hawakuungua wala hawakuzama. Waliuawa na gesi ya sumu. Waokoaji walichimba siku baada ya siku huku wake na mama wakisubiri juu kwenye baridi, na walipofika waliwakuta wamelala kwa safu, baba na wanawe pamoja. Kwa jumla walikufa wanaume na wavulana 204. Mwaka uleule Bunge liliamuru kwamba kila mgodi uwe na njia mbili za kutokea. Hatua ya kuchimba shimo la pili ilikuwa inajulikana miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia.

Ashington ilipoanza kuwa mji, basi, watu wake walishajua makaa ni kitu gani. Katikati ya karne ya 19 pale palikuwa na shamba na nyumba chache katika ardhi ya Duke wa Portland, na miongoni mwa waliokaribishwa kuchimba walikuwemo Wairishi waliokimbia njaa kubwa ya nchini kwao. (Nitarudi kwa Wairishi, maana mjukuu mmoja wa mji ule alikuja kuwa na deni jema nao.) Shimo kubwa la Ashington lilifunguliwa mwaka 1867, la Woodhorn mwaka 1894, kisha Linton, Ellington na Lynemouth, na Kampuni ya Makaa ya Ashington ikajenga nyumba safu kwa safu. Safu za mwanzo zilipewa namba tu: ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na moja. Upande wa Hirst mtu mmoja kwenye kampuni aliamua kuwapa wachimbaji majina ya tamthilia za Shakespeare. Wakaishi mtaa wa Rosalind, mtaa wa Juliet, mtaa wa Portia, mwanamke ambaye msomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, anamfahamu vizuri. Familia ya Robert Charlton ilikaa mtaa wa Beatrice.

Tuingie ndani ya nyumba mojawapo. Nyumba ni mali ya kampuni, na makaa ya kupikia na kuotea yanaletwa bure kama sehemu ya ujira, yanamwagwa nyuma ya nyumba kwenye uchochoro. Choo kiko nje. Katika nyumba ya baba mmoja na wana watatu wa kazi, kunaweza kuwa na zamu tatu tofauti, kwa hiyo sufuria haishuki motoni na mwanamke wa nyumba halali usingizi wa kueleweka. Anayerudi ni mweusi tii, macho na meno ndiyo yanayoonekana. Beseni la bati linawekwa mbele ya moto, anaoga akiwa amepiga magoti, mkewe anamsugua mgongo, na wapo walioamini kuwa kuuosha mgongo kila siku kunaudhoofisha. Nguo zinapigwapigwa ukutani kutoa vumbi, zinaanikwa juu ya moto, na alfajiri zinavaliwa tena.

Kule chini, mchimbaji mwenyewe alikuwa mtu wa heshima ya juu kabisa. Tabaka la makaa likiwa na kimo cha goti au kiuno, alilala ubavu akapiga sururu chini ya makaa mpaka yapate kuanguka, akisikiliza nguzo za mbao. Mbao ikianza kulia, mwamba unashuka. Kijana wa miaka michache chini yake alisukuma behewa hadi kwenye reli, farasi wadogo wakalivuta. Kila behewa lilitundikwa kibati chenye namba ya aliyelijaza, maana alilipwa kwa uzito. Hapo ndipo ulipotoka ugomvi wa miaka mingi kati ya wachimbaji na makampuni: nani anapima, na mawe yaliyochanganyika na makaa yanakatwa kwa nani.

Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani milioni 287 za makaa, kiasi ambacho haikukifikia tena, na watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo. Miaka mitatu baadaye, Jumapili ya tarehe 13 Agosti 1916, mlipuko wa Woodhorn uliua watu 13. Ingekuwa siku ya kazi ya kawaida wangekuwamo mamia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya makaa ikaporomoka, wenye migodi wakataka mishahara ipunguzwe na saa ziongezwe, na Mei 1926 nchi nzima ikagoma kuwaunga mkono wachimbaji. Mgomo wa jumla ulidumu siku tisa. Huko Cramlington, kusini mwa Ashington, wachimbaji waling'oa reli na treni mashuhuri ya London ikaacha njia. Hakuna aliyekufa, ila wanane walifungwa. Vyama vingine viliporudi kazini wachimbaji walibaki nje peke yao mpaka Novemba, wakaokota makaa yaliyosukumwa na mawimbi ufukweni ili wapate moto, kisha wakarudi kwa masharti yaleyale waliyoyakataa. Kizazi cha Robert Charlton kilikua katika kumbukumbu hiyo. Ukishaielewa 1926 huhitaji tena kuuliza kwa nini wanaume wale hawakuwaacha wenzao katika zamu.

Isidhaniwe kwamba mji ulikuwa wa vumbi na machozi tu. Mwaka 1934 wachimbaji kadhaa wa Ashington waliofungua darasa la jioni la sanaa walimwambia mwalimu wao, Robert Lyon, kwamba picha za Italia anazowaonyesha haziwasaidii kitu. Akawapa rangi wachore wenyewe. Wakachora wanachokijua: farasi wa mgodini, mtu aliyelala ubavu na sururu, beseni mbele ya moto, mbwa wa mashindano. Picha zao leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Woodhorn, palepale ulipokuwa mgodi. Katika mji huohuo Jack Charlton alizaliwa tarehe 8 Mei 1935, Bobby akafuata tarehe 11 Oktoba 1937, kisha Gordon na Tommy.

Tarehe 1 Januari 1947 migodi ikawa mali ya taifa, na vibao vikatundikwa getini kutangaza kwamba inaendeshwa kwa niaba ya wananchi. Jack alikuwa na miaka 11. Wazee waliolilia siku hiyo tangu 1926 walifurahi kwa haki, na mabafu, zahanati na usalama viliboreka. Lakini tabaka la makaa halikuongezeka kimo kwa sababu limetaifishwa.

Jack alimaliza shule akiwa na miaka 15. Leeds United, ambako mjomba Jim alikuwa akicheza, walimwita kwa majaribio. Akakataa, akamfuata baba yake mgodini. Hili lapaswa kutazamwa vizuri. Mvulana mwenye wajomba wanne wa soka la kulipwa alifunguliwa mlango, naye akaona njia ya baba ndiyo ya kiume na ya hakika zaidi. Ndivyo mji ulivyomlea. Alikaa mgodini muda mfupi tu. Alipoona maisha yanayomngoja kule chini, aliacha kazi, akaomba kujiunga na polisi, na wakati huohuo akaipokea nafasi ya Leeds aliyoikataa. Siku ya usaili wa polisi ikagongana na siku ya mechi ya majaribio. Akaenda kwenye mechi. Akaichezea Leeds mara 773, rekodi ya klabu mpaka leo.

Bobby hakuwahi kushuka kufanya kazi, na hilo lilikuwa shauri la mama. Alikuwa na kipaji ambacho maskauti waligongana mlangoni kukitafuta, lakini Cissie, aliyewaona kaka zake wanne katika soka, alijua mpira ni kazi isiyo na dhamana. Bobby alipokwenda Manchester United mwaka 1953, alianza pia kujifunza ufundi umeme ili asirudi mikono mitupu. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyoibeba timu ilianguka Munich, watu 23 wakafa, wanane kati yao wachezaji wenzake. Bobby aliletwa Ashington kupona. Wapiga picha walimkuta akicheza na watoto mtaani. Mimi naamini mji ule ulikuwa mahali pa pekee ambapo kijana wa miaka 20 aliyewapoteza wenzake angeeleweka bila kueleza, kwa kuwa kila safu ya nyumba pale ilikuwa na mtu aliyetoka hai pale mwenzake alipobaki.

Kisha likaja Kombe la Dunia la 1966. Tarehe 26 Julai, kwenye nusu fainali, England ilikutana na Ureno, yenye mshambuliaji hatari kuliko wote wa mashindano yale, Eusébio, kijana kutoka mitaa ya Mafalala katika jiji ambalo leo ni Maputo. Bobby alifunga mabao mawili. Dakika za mwisho Jack aliuzuia mpira kwa mkono, Eusébio akafunga penalti, lakini muda haukutosha, 2-1, na mtoto wa Msumbiji akatoka uwanjani akilia. Robert Charlton hakuwepo katika uwanja wa Wembley. Wanawe wawili walikuwa wakicheza nusu fainali ya dunia, naye alikuwa kazini, kwa kuwa zamu ilikuwa yake na wenzake walimtegemea. Fainali ya tarehe 30 aliihudhuria, akawaona wanawe wakitwaa kombe kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 4-2. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mzee asiyejali mpira. Wamekosea. Mtu ambaye kizazi chake kiliachwa peke yake miezi sita mwaka 1926 anajua uzito wa kumwachia mwenzake pengo shimoni.

Mwaka huo wa 1966 Bobby alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka na waandishi wa soka wa England. Mwaka uliofuata wakamchagua Jack. Mwaka 1962 tuzo hiyohiyo ilikuwa imekwenda kwa Jimmy Adamson wa Burnley, naye mzaliwa wa Ashington na mchimba makaa wa zamani. Ni watatu katika miaka sita, kutoka mji mmoja. Mwaka 1968 Bobby alikutana tena na Eusébio, safari hii kwenye fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica, akafunga mawili tena.

Jack akawa kocha, na mwaka 1986 akapewa timu ya taifa ya Ireland. Chini yake Ireland iliifunga England 1-0 mjini Stuttgart mwaka 1988, ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia 1990, na mwaka 1996 ikampa uraia wa heshima. Wajukuu wa watu waliofika Ashington na njaa wangefurahi kumwona mtoto wa safu zao akibebwa mabegani Dublin.

Wakati huo migodi ilikuwa ikizimwa. Machi 1984 wachimbaji waligoma kupinga kufungwa kwa migodi, wakasimama mwaka mzima, wakashindwa. Jack, aliyekwishakuwa mtu wa fedha na jina, aliwaunga mkono hadharani na kuwaazima magari yake. Woodhorn ilikuwa imeshafungwa mwaka 1981. Ashington yenyewe ilifungwa mwaka 1988, mwaka aliofariki Jackie Milburn, binamu wa mama yao. Farasi wa mwisho walitolewa Ellington mwaka 1994, na mwaka 2005 Ellington, ambao mahandaki yake yalikwenda maili kadhaa chini ya bahari, ukafungwa, na uchimbaji wa kina wa kaskazini-mashariki ukakoma. Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ikazima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa.

Kuna hesabu moja ambayo sherehe za kuwakumbuka Charlton huipita haraka, nami sitaipita. Kazi ya baba ilikula mapafu. Mwaka 1998 mahakama iliamua kwamba shirika la makaa liliwajibika kwa maradhi ya vumbi ya wachimbaji, kukafuata fidia za mamia ya maelfu ya watu, wengi wakiwa wameshazikwa. Kazi ya wana, ambayo wote tuliiona ni wokovu, ilikula kitu kingine. Utafiti wa Glasgow wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wachezaji wa zamani wa kulipwa walikufa kwa maradhi ya kuharibika kwa ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine, na wengi wanashuku miaka ya kupiga mpira kwa kichwa. Katika kikosi cha 1966 waliougua kupotewa na kumbukumbu ni pamoja na Ray Wilson, Martin Peters, Nobby Stiles, na ndugu wote wawili wa mtaa wa Beatrice. Jack alifariki tarehe 10 Julai 2020, Bobby tarehe 21 Oktoba 2023. Wachimbaji walingoja miaka mingi mno kulipwa fidia ya vumbi. Vyama vya soka vyenye fedha za leo havina sababu ya kuwangojesha wachezaji wa zamani hata miaka mitano zaidi: viwatibu, viwalipie walezi, na viwalinde watoto wanaofundishwa kupiga vichwa sasa hivi.

Na atakayeandika tena historia ya familia hii asianzie kwa wajomba. Aanze na Robert Charlton wa Linton, na zamu aliyoifanya tarehe 26 Julai 1966.